Kava la Kifuatiliaji cha Funguo: Tazama Kiungo Kabla ya Rangi

Mazungumzo na walaji, Dar es Salaam



Tumezoea kukutana nanyi kuzungumzia mizani za madukani, tarehe za mwisho wa matumizi ya vyakula na umuhimu wa risiti. Leo tumekuja na kitu kidogo kisichojaza hata kiganja cha mtoto: kava la kifuatiliaji, yaani lile ganda au kifuko kinachokishika kifuatiliaji cha Bluetooth na kukiunganisha na pete ya funguo. Huenda baadhi yenu mkajiuliza kwa nini ofisi ya umma iwachukulie muda wenu kwa jambo dogo kiasi hiki. Jibu letu linatokana na lalamiko lililofika mezani kwetu.

Muuguzi mmoja alikuwa akibeba funguo za nyumba yake pamoja na ufunguo wa kabati la dawa katika zahanati anayofanyia kazi. Kwa kuogopa kuzipoteza, alinunua kifuatiliaji halisi kwa bei isiyo ndogo, kisha akakivalisha kava la silikoni alilolipata kando ya njia kwa bei ya kutupa. Asubuhi moja alifika kazini, akafungua mkoba, funguo hazimo. Akatazama simu, na ramani ikamwonyesha kituo cha mwisho cha daladala aliyopanda. Alikwenda huko, na kondakta mwaminifu akamkabidhi alichokiokota chini ya kiti: kifuatiliaji kizima ndani ya kava lake, na kitanzi cha silikoni kilichochanika. Pete na funguo hazikuwapo. Kitasa cha kabati la dawa kikabadilishwa siku hiyo hiyo, na gharama akaibeba yeye.

Ndugu zetu, kifuatiliaji kile hakikukosea. Kilisema kweli mahali kilipo. Kosa letu sisi watumiaji ni kudhani kwamba kifaa hiki kinajua ziliko funguo. Hakijui. Kinajua kilipo chenyewe tu, na kinachokifanya kiwe mlinzi wa funguo ni kile kiungo kidogo kinachokifunga nazo. Kiungo kikikatika, ulinzi wote umekwisha, hata kama kifaa kimegharimu fedha nyingi. Kwa hiyo shauri letu la leo tunaliweka mbele kabisa: unaponunua kava, nunua kiungo kwanza, rangi na urembo vifuate baadaye.

Je, unahitaji kava?

Kabla ya kuchagua kava, mlaji aanze kwa kukitazama kifaa alichonacho. AirTag ya kampuni ya Apple, iliyotolewa mwaka 2021, ni kitufe cha mviringo chenye kipenyo cha milimita 31.9, unene wa milimita 8 na uzito wa gramu 11. Haina tundu lolote la kupitishia pete, hivyo bila kava haiwezi kuning'inia kwenye funguo. Kwa upande mwingine, Galaxy SmartTag2 ya Samsung, iliyotolewa mwaka 2023, ina umbo refu lenye tundu kubwa mwilini mwake. Mwenye kifaa cha namna hii anaweza kupitisha pete imara moja kwa moja na kuokoa fedha yake. Hatuoni aibu kusema kwamba ununuzi bora wakati mwingine ni ule usiofanyika.

Jambo la pili ni kutotarajia kava litibu upungufu wa kifaa. Kifuatiliaji hutuma mawimbi ya redio ya masafa ya gigahezi 2.4, na mawimbi hayo hudhoofika yanapokutana na kuta na miili ya watu. Ukiwa karibu, simu yako hukisikia yenyewe. Ukiwa mbali, hutegemea simu za watu wengine zinazopita karibu nacho na kupeleka taarifa ya mahali kilipo. AirTag husaidiwa na vifaa vya Apple pekee. Penye watu wengi wenye simu hizo taarifa huja upesi. Penye simu chache huweza kuchelewa au isije kabisa. Basi ulizia hilo kabla ya kununua kifaa, maana hakuna kava litakaloongeza simu mtaani kwenu.

Kiungo ndicho roho ya kava

Kava la funguo lina sehemu tatu: mwili unaoshika kifuatiliaji, kitanzi au tundu linalotoka kwenye mwili huo, na pete au ndoano inayobeba funguo. Katika makava tuliyoyapitia pamoja na walalamikaji, mwili ulikuwa mzima mara nyingi. Kilichovunjika ni mahali sehemu moja inapokutana na nyingine. Hapo ndipo jicho la mnunuzi linapotakiwa kutua.

Tuanze na kitanzi. Kama kava na kitanzi ni kipande kimoja cha silikoni, tazama unene wa ule ukingo mwembamba unaozunguka tundu la pete. Silikoni huvutika vizuri ikiwa nzima, lakini ikipata mkato mdogo, mkato huo husafiri kila inapovutwa. Pete ya chuma yenye ncha kali, ikizunguka humo mchana kutwa, hufanya kazi ya msumeno. Kitanzi chema ni kinene, au kina kizingo cha chuma kilichopachikwa tunduni ili pete isisugue silikoni.

Kama kitanzi ni cha ngozi, tazama kinavyofungwa. Mshono wenye nyuzi nene zilizopita mara mbili huaminika kuliko gundi pekee. Kifungo cha kubana kwa kidole hufunguka kwa urahisi ule ule ambao kilifungwa. Ndani ya mfuko wa suruali au mkoba uliojaa, hufunguliwa na vitu vingine bila wewe kujua. Ribiti iliyogongwa ikalala bapa pande zote mbili ni bora zaidi.

Kisha pete. Pete nzuri ya funguo ni ya waya mgumu uliozungushwa mara mbili, na mizunguko yake hulalana bila kuacha mwanya. Jaribu kuitanua kwa ukucha: ikitanuka kwa urahisi, funguo nazo zitatoka kwa urahisi. Angalia pia ncha ya waya ilipokatwa. Pete ya chuma cha kawaida iliyopakwa rangi ya fedha huanza kupata kutu hapo, kwa kuwa rangi haikufika. Nasi tunaoishi pwani tunajua upepo wa chumvi unavyokula chuma. Chuma cha pua huvumilia zaidi.

Wengi hupenda ndoano yenye mlango wa springi, mithili ya zile za wapanda milima. Tahadhari hapa: nyingi zinazouzwa pamoja na makava ni za urembo tu, zimetengenezwa kwa aloi laini ya kumimina, nazo hukatika ghafla bila kupinda kwanza. Ukiipenda ndoano, itumie kuning'iniza fungu lote kwenye mkanda au mkoba, lakini kifuatiliaji na funguo vikae pamoja kwenye pete moja ya chuma. Ndoano ikivunjika, angalau walioangukia njiani watakuwa wameangukia pamoja.

Na hili msilisahau: kava ambalo pete yake inaweza kutolewa na kuwekwa nyingine lina maisha marefu kuliko lile ambalo pete yake imekwama milele. Fundi wa funguo wa mtaani atakuuzia pete imara kwa bei ndogo. Si lazima utupe kava zima kwa sababu ya pete.

Mwili wa kava: silikoni, ngozi, plastiki au chuma?

Hakuna malighafi iliyo bora kwa kila mtu. Kila moja ina mwenyewe na mahali pake.

Silikoni ni laini, hufyonza mshtuko funguo zinapoanguka, na haiogopi maji. Udhaifu wake tumekwisha kuueleza: huchanika. Tena kwa kuwa hunyumbuka, lililolegea huweza kukitema kifaa. Lazima libane kiasi kwamba kifuatiliaji kisitoke ukilikung'uta kwa nguvu.

Ngozi halisi hudumu ikitunzwa, lakini jasho na mvua za masika huilegeza na kuipa ukungu. Ngozi bandia huonekana sawa na halisi siku ya kwanza. Baada ya muda wa joto na unyevu wetu, utando wa juu hubambuka na kuacha kitambaa kitupu. Si vyote ving'aavyo ni dhahabu. Kata la pembeni hueleza ukweli: ngozi halisi huonyesha nyuzinyuzi zilizosokotana, ilhali bandia huonyesha kitambaa chini na utando juu.

Plastiki ngumu iliyofungwa kwa skrubu hushika kifaa barabara na haifunguki ovyo. Udhaifu wake ni kupasuka inapoangukia saruji, hasa kwenye pembe na kuzunguka matundu ya skrubu. Chagua lenye kuta nene na pembe za mviringo.

Chuma ndicho kigumu kuliko vyote, lakini hapa wengi hudanganyika. Chuma huzuia mawimbi ya redio. Kava la chuma lililokizingira kifaa pande zote humfanya mlinzi awe imara lakini bubu. Ukitaka chuma, chagua lenye dirisha pana upande mmoja au lenye fremu tu ya pembeni.

Dereva wa bodaboda, ambaye funguo zake hutikisika kwenye swichi kutwa nzima na kugongana vumbini, atafaidika zaidi na plastiki ngumu ya skrubu au silikoni nene yenye kizingo cha chuma. Mama anayebeba funguo mkobani anaweza kuridhika na ngozi iliyoshonwa vizuri. Mvuvi au mwogeleaji aepuke ngozi kabisa.

Maji na sauti

Wauzaji husema, "Hili haliingii maji." Maneno hayo yanahitaji kupimwa. AirTag na SmartTag2 zenyewe zina daraja la IP67: tarakimu 6 humaanisha kwamba vumbi haliingii, na 7 kwamba kifaa huvumilia maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30. Kumbe kifaa kina kinga yake tayari. Kava lililo wazi, linaloruhusu maji kuingia na kutoka, aghalabu halidhuru. Linalotia wasiwasi ni lile lililozibwa nusu nusu, ambalo hupokea maji au jasho kisha likayafungia ndani kwa siku nyingi. Ukinunua lililozibwa, lijaribu nyumbani kabla ya kuliamini: weka ndani kipande cha karatasi laini badala ya kifuatiliaji, lifunge, lizamishe kwenye beseni la maji kwa nusu saa, kisha lifute na ulifungue. Karatasi ikilowa, umepata jibu bila hasara ya kifaa.

Sauti nayo ni sehemu ya kazi. Funguo zikiwa zimejificha kati ya mito ya kochi, mlio ndio utakaokuongoza. Katika AirTag, mlio hutoka kwa kutikisika kwa ganda lenyewe jeupe la plastiki, kwa hiyo kava linalobana upande huo huuzima. Chagua lenye upenyo upande wa mlio, kisha jaribu: funika funguo kwa mto, simama mlangoni, piga mlio. Usiposikia, kava halifai.

Tunaongeza neno moja zito. Wapo wanaotafuta makava ya kuzima mlio kwa makusudi ili wamfuatilie mtu bila yeye kujua. Mlio huo umewekwa pia ili kumlinda mtu ambaye kifaa kimepachikwa mkobani mwake kwa siri. Mwaka 2024 Apple na Google zilianza kutumia utaratibu wa pamoja ambao huitahadharisha simu ya iPhone au Android pale kifuatiliaji kisicho chake kinapoandamana na mwenye simu. Kava la kukizima sauti si kava la mtu anayetafuta funguo zake.

Betri, na watoto wetu

Vifaa tulivyovitaja hutumia betri ya CR2032, bapa kama sarafu, yenye kipenyo cha milimita 20. Betri hii ikimezwa na mtoto mdogo huweza kukwama kooni, na mkondo wake wa umeme huunguza nyama za koo katika muda wa saa mbili tu. Nchini Marekani, Sheria ya Reese ya Agosti 2022 ilipewa jina la mtoto wa kike aliyefariki baada ya kumeza betri ya aina hii. Australia nayo ilianza kutekeleza masharti ya lazima kuhusu betri hizo mwezi Juni mwaka huo huo.

Jambo hili linahusianaje na kava? AirTag hufunguliwa kwa kuibonyeza na kuizungusha kwa vidole, bila kifaa chochote. Kava la silikoni huvuliwa kwa meno. Mtoto aliyepewa funguo achezee ili anyamaze ana hatua mbili tu kati yake na betri. Kava linalofungwa kwa skrubu, linalohitaji bisibisi, huongeza hatua ya tatu ambayo mtoto haiwezi. Nyumba yenye watoto wadogo isinunue kava la namna nyingine. Lakini msidhani kwamba kava humfanya kifuatiliaji kuwa kitu cha kuchezea. Funguo zikae mahali mtoto hafiki.

Kwa upande mwingine, betri ya AirTag hutarajiwa kudumu zaidi ya mwaka mmoja, kisha hubadilishwa. Kava lililogundishwa daima litakulazimu ulikate. Liwe gumu kwa mtoto, lifunguke kwa mwenyewe. Unaponunua betri mpya, fahamu kwamba zile zilizopakwa dawa chungu ya kumzuia mtoto asimeze huweza kushindwa kufanya kazi katika baadhi ya vifuatiliaji, kutegemea mahali upako ulipo. Uliza kabla ya kulipa. Betri iliyokwisha nayo bado ni hatari: izungushie gundi ya karatasi, usiiache mezani. Na ukishuku mtoto amemeza betri, usimtapishe. Mkimbize hospitali mara moja, hata kama anaonekana mzima.

Dukani: mkono wako na haki yako

Ukifika dukani, iwe Kariakoo au kwenye kibanda cha mtaani kwenu, omba kulishika kava. Liweke kifuatiliaji chako ndani, si kifaa cha muuzaji. Livute kutoka kwenye pete kwa nguvu ya mkono mara kumi, ukilizungusha kila upande. Kunja kitanzi na utazame kama kuna alama nyeupe au ufa. Muuzaji anayekataa usiijaribu bidhaa yake amekwisha kukuambia habari zake. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ukifika nyumbani, ning'iniza kwenye pete chupa ya maji ya lita 1.5, ambayo ni uzito wa kilo moja na nusu, ulale hadi asubuhi. Kitanzi kilichorefuka au pete iliyofunguka irudishe mapema.

Mweleze muuzaji kazi utakayoifanyia: "Nataka la kubeba funguo za pikipiki, la kuhimili mvua." Maneno haya si ya kupitisha muda. Chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, bidhaa iliyouzwa kwa maelezo inapaswa kulingana na maelezo hayo, na mnunuzi aliyemjulisha muuzaji wa bidhaa hizo matumizi yake huku akitegemea utaalamu wake ana ulinzi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara. Kwa hiyo "ngozi halisi" lililo bandia, au "haliingii maji" lililojaa maji, si bahati mbaya ya mnunuzi.

Lakini sheria pia humtaka mnunuzi awe macho: aliyeikagua bidhaa huweza kukosa utetezi kuhusu kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuifichua. Ukikagua, kagua kweli. Na bila ushahidi haki hulegea, hivyo dai risiti ya mashine ya kielektroniki, na uombe iandikwe jina la bidhaa, si neno "vifaa" peke yake. Tunza kasha lenye maelezo, na upige picha kava lilipoharibika.

Ndugu walaji, tumalizie kwa yale ambayo tungependa mwondoke nayo mfukoni:

1. Angalia kama kifuatiliaji chako kina tundu lake. Huenda huhitaji kava.
2. Kagua kitanzi, mshono, ribiti na pete kabla ya rangi.
3. Chagua malighafi kwa kazi yako: maji, vumbi, jasho au mkoba.
4. Epuka chuma kilichozingira kifaa pande zote.
5. Sikiliza mlio kava likiwa limefungwa.
6. Penye watoto, nunua la skrubu.
7. Vuta, kunja, ning'iniza; kisha tunza risiti.
8. Kila mwisho wa mwezi, tazama kitanzi na pete. Ukiona mkato, badilisha siku hiyo hiyo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Yule muuguzi alirudi ofisini kwetu baadaye kutuonyesha kava lake jipya. Lilikuwa la plastiki nyeusi isiyo na urembo wowote, skrubu nne, na pete aliyoinunua kwa fundi wa funguo. Tulilivuta pamoja naye mezani, kila mmoja kwa zamu. Halikulegea. Tunawaomba nanyi mfanye hivyo na la kwenu leo jioni, kabla funguo hazijatoka tena nje ya mlango.